Niliingiza Wageni wa Meli Uani kwa Mchumba Wangu

Bwana Mhariri, jina langu ulifiche, ingawa hapa Tanga kulificha ni kazi bure. Kosa ni langu. Sikurogwa, sikutumwa na shetani, wala sikulewa tembo. Nililewa sifa, na hizo hazinuki mdomoni.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya mambo ya meli. Meli ya abiria ikitia nanga, bwana mkubwa wetu alikuwa akinituma niwatembeze wageni kwa miguu, niwaonyeshe majumba ya kale ya mji. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa na Kiingereza na kofia ya jua. Historia sikuwa nayo, lakini nani aliniuliza?

Ee Mola, nilivyokuwa nikidanganya! Boma la Mjerumani nilisema limejengwa kwa ute wa mayai. Mnara wa saa nilisema fundi wake alitiwa upofu asije akajenga mwingine. Hospitali ya Mjerumani, ile ya ukingoni mwa bahari, nilisema ina njia ya chini ya ardhi mpaka Amani, kule milimani. Wageni wakiandika, nami nikizidi kuvimba kichwa.

Siku ya balaa, wageni walikuwa wagumu. Mama mmoja mnene, kamera shingoni, alipiga mwayo mbele ya Boma.

"Majumba ya Kijerumani kwetu Ulaya tele," akasema. "Huna kitu cha kale cha wenyeji?"

Mimi nikose kitu! Nikawapeleka kwenye nyumba ya mjomba wangu, yenye mlango wa nakshi ambao mji mzima unaujua. Sasa sikilizeni upumbavu. Mjomba huyo ndiye baba wa mchumba wangu. Harusi yetu ilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile. Mchumba alikuwa amewekwa ndani, anasingwa mwili, haonwi na mwanamume, na mimi bwana harusi ndiye wa kwanza kukatazwa. Lakini nilijua yuko Makorora kwa somo wake, yule mama anayemfunda. Nyumbani, nilidhani, saa zile hakuna mtu.

Mlangoni nikakohoa. "Hili ni jumba la Liwali wa kale. Tangu afe, hakuna binadamu aliyekaa humu."

Mama wa kamera macho yakamtoka. "Tunaweza kuingia?"

Hapo, jamaa zangu, ndipo nilipojimaliza. Muungwana haingii kwa mtu bila hodi, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Lakini hodi ningeipigaje, na nimeshasema nyumba ni tupu? Ikiitikiwa "Karibu!", uongo wangu ungekufa pale pale barazani. Nikausukuma mlango kimya kimya, Wazungu nyuma yangu, mpaka uani.

Lo! Mchumba wangu huyo hapo, ameketi mkekani na kanga moja ya kujisitiri, amepakwa manjano na liwa tangu kipajini hadi nyayoni. Kumbe walikuwa wamemrudisha jana yake! Somo wake, mkono umejaa singo, manjano yale yale, alibaki kinywa wazi.

"Nani hawa?" mama wa kamera akanong'ona. "Na mbona yule ni wa manjano?"

Ningeweza kusema kweli. Ningeweza kuomba radhi na kutoka. Wallahi ningeweza! Badala yake nikajinyoosha, nikasema kwa Kiingereza: "Hao ni vijakazi. Wazee wao walikuwa watumwa wa Liwali, wakaachwa kulinda jumba. Wanajipaka hivyo kufukuza popo."

Nilijua kwamba mchumba wangu amesoma shule ya wasichana. Sikuwahi kumuuliza alisoma nini huko. Nilidhani kushona.

Akajifunika kanga mpaka kichwani, kisha akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: "Karibuni. Hii ni nyumba ya baba yangu. Na huyo aliyewaleta ndiye aliyekuwa anioe Alhamisi."

Aliyekuwa! Mama yule alinigeukia, akaishusha kamera yake bila kupiga picha. Hapo somo akarudiwa na sauti.

"Toka, ewe usiye haya! Toka na kundi lako, kabla sijakupaka singo hili machoni!"

Donge la singo likanifuata mpaka mlangoni, likatua kwenye kofia ya jua.

Jioni nilikwenda kwa mjomba na wazee wangu. "Shikamoo, mjomba." Akaitikia kwa sauti ya chini. Mjomba wangu si mtu mbaya.

"Kumwona ni kosa," akasema, "lakini wewe ni damu yetu. Tutachinja mbuzi, tutasoma dua, na Alhamisi iko pale pale. Ila naye aulizwe."

Nikafurahi, mjinga mimi! Nikaanza hata kuiwaza kanzu yangu mpya. Somo akaingia ndani, akarudi na jibu.

"Anasema harusi msimsumbue nayo. Kijakazi ameachwa kulinda jumba."

Mjomba hakuelewa. Ikanibidi nimweleze mimi mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya wazee wote, nilichokuwa nimewaambia wageni. Nilipomaliza, habari ya mbuzi haikutajwa tena.

Nililia, sioni haya kusema. Nilimpenda tangu tukiwa wadogo, na nilimkana ili mama mmoja wa melini asinione mwongo. Yeye ameolewa na mwalimu, na ninavyosikia wanasoma magazeti pamoja.

Wageni sasa wanatembezwa na karani mwingine. Juzi niliwakuta mbele ya mlango ule. Karani alipiga hodi, akangoja, akaitikiwa. Kisha akawaeleza: hapa ndipo bwana harusi alipomgeuza bibi harusi wake kijakazi. Wageni wakacheka, mmoja akauliza kama ni kweli.

"Katika matembezi yote ya leo," karani akajibu, "kisa cha kweli ni hicho tu."

Vijana mnaopewa kofia ya jua, nawasihi, pigeni hodi, hata kwenye nyumba mliyosema haina mtu. Mimi siku hizi mlango ule naupitia upande wa pili wa njia, na kila nikipita nautazama.