Nilichora Korido, Akaona Ramani ya Wizi

Jamani, sijui kama kesho nitakuwa bado na kazi.

Mnajua nalinda jengo huku ughaibuni, mtaa wa Oud Metha. Nakaa peke yangu kwenye chumba kisicho na dirisha, natazama skrini za kamera. Huo upweke ulinifanya niache kabisa kuchora, mazoea yangu ya zamani, hadi juzijuzi nilipoanza kuchora watu wa kwenye skrini.

Leo mchana supavaiza, Mganda asiyecheka na mtu, akaingia ghafla. Akaona karatasi yangu: korido, lifti, mlango wa nyuma.

"Unamchorea nani ramani ya jengo?"

Hapa swali kama hilo linaishia polisi.

"Sir, mimi huchora watu tu."

"Watu gani? Mimi naona milango."

Nikamwonyesha kwa kidole. Mwanaume ameketi kwenye ngazi, amejifunika uso kwa mikono.

Akaichukua karatasi. "Huyu ni nani?"

Ni supavaiza mwenyewe, wiki jana kwenye kamera, baada ya kupokea simu. Alidhani hakuna anayemwona.

"Simjui, sir."

Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka.

Niambieni, nianze kufunga begi?

Na cha kuogopesha zaidi, mlango ulipofungwa tu, nilijikuta natafuta karatasi nyingine ya kuchora.