Amekata masale yangu apate picha ya ndege

Nyie wajukuu, mwaka mzima hamjakanyaga hapa Rau, mpaka watu wananifyekea masale, mimea yetu ya mpaka wa shamba!

Leo asubuhi nakuta baba mzima na kamera. Masale aliyopanda marehemu babu yenu yako chini. Hata shikamoo hakuna.

"Yananizibia ndege, yule chozi, bibi. Ona rangi zake!"

"Wewe si Mchaga?"

"Wa Mkuu, Rombo."

"Na kwenu mpaka mnauonyesha kwa mmea gani?"

Akainama, akaokota jani lilelile alilokata, akalifunga fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Nisamehe, bibi."

Jamani! Ananiomba msamaha kwa sale langu mwenyewe! Na kwetu aliyeletewa sale hakatai. Nimemsamehe, lakini hasira bado haijaniisha. Ninyi mngefanyaje?

Mkija, msiulize chakula. Shikeni jembe kwanza, tuzibe lile pengo.