Kibao cha Kiota

Dorika, au Mama Irine kama wengi walivyomwita, alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana mtaa mzima: hakuweza kuona ndege akanyamaza. Machi ikifika, masika yakianza kulijaza bwawa dogo la chini ya mtaa wao wa Nakwa, alishuka kila asubuhi kabla ya kupalilia, na darubini aliyoachiwa na padri mmoja, ya jicho moja tu kwa sababu la pili lilikufa zamani. Akirudi, kila aliyekutana naye njiani lazima aambiwe. Yangeyange wamefika. Korongo weupe waliokuwa wakiokota viwavi mashambani wameshaondoka, wamerudi kwao Ulaya. Watu walimcheka, lakini wakati wa kupanda maharage hao hao walikuja kumuuliza ndege wanasemaje.

Walimwamini maana hakuwa na uongo. Mnunuzi akimuuliza kama maharage yake yana wadudu, na kama yanao, alijibiwa yanao.

Mwaka huu alikuwa na jambo kubwa la kusema. Korongo wenye taji, mume na mke, ambao kwa miaka minne walikuwa wakipita tu angani wakilia, walitua bwawani, wakajenga kiota katikati ya matete. Aliyaona mayai, matatu. Korongo hawa hawatagi mahali pa wazi. Wanataka matete yawazibe pande zote, la sivyo wanaacha kila kitu na kwenda zao.

Furaha ikamponza. Alikwenda moja kwa moja kwa Sylvesta, mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi walitarajiwa wageni kutoka Arusha, watu wanaosafiri kwa ajili ya kuangalia ndege tu.

"Shikamoo, Mama Irine."

"Marahaba, Mwenyekiti. Nimekuja kukuonyesha kiota kilipo, ili siku hiyo mtu yeyote asikisogelee. Wageni wana darubini, wataona kwa mbali."

"Ondoa shaka, mama. Hicho tutakitunza kuliko ofisi yangu."

Na kweli walikitunza! Ijumaa Dorika alikwenda Dareda kumzika shangazi yake. Jumamosi asubuhi aliporudi alipitiliza bwawani, na gauni la msibani bado mwilini, akasimama mdomo wazi. Matete yote yalikuwa yamefyekwa. Bwawa liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinapiga kwaya kwa sauti ya kupasua masikio. Njia ilikuwa imefagiliwa hadi ukingoni, na kando yake mawe yaliyopakwa chokaa. Mwisho wa njia ndipo kilipokuwa kiota, peke yake juani, kimezungushiwa mawe meupe na kusimikiwa kibao: KIOTA CHA KORONGO. USITUPE TAKA.

Ndani yake kulikuwa na maganda. Kunguru wawili walikuwa wanamalizia.

Damu ilimchemka Dorika. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, wanawake wenzake humzungushia khanga. Huyu mama korongo wao walimvua, ili wageni wamwone vizuri!

Wageni walifika, saba, wakainua darubini zao, wakazishusha.

"Ndege wako wapi?" mmoja akauliza kwa upole.

"Wanakuja," Sylvesta alisema. "Spika imewashtua kidogo tu. Sasa namkaribisha mama yetu, mtaalamu wetu wa ndege, atusalimie."

Dorika alipokea kipaza sauti. "Karibuni, wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wenyeji wa bwawa wamekufa kwa sababu yenu, na ninyi hamna kosa. Juzi kulikuwa na mayai matatu pale. Aliyewaonyesha watu kiota ni mimi." Akakirudisha kipaza sauti na kuondoka.

Sylvesta alimkimbilia. "Mama, mbona umetuaibisha hivyo? Vijana wamefanya usafi kutwa nzima!"

"Usafi gani? Mmebomoa kuta za nyumba ya watu, mkabakiza kitanda!"

Sylvesta alimtazama kwa macho ya mtu asiyeelewa kabisa, na hilo ndilo lililomkera Dorika zaidi. Angekuwa mtu mbaya, angemtukana akatulia. Huyu alikuwa ametumia chokaa yake mwenyewe.

Wiki tatu baadaye, upande wa Nangara, kwenye kidimbwi kilichosongwa na matete ambako hata ng'ombe hawanywi, Dorika alisikia mlio anaoujua. Alichutama kwenye tope mpaka miguu ikafa ganzi. Kiota kipya. Mayai mawili. Alirudi nyumbani, akakutana na watu wanane njiani, akawasalimia wote, na hakumwambia hata mmoja.

Wa tisa alikuwa Sylvesta.

"Shikamoo, mama. Wageni wamepiga simu, wanataka kurudi. Safari hii tutajenga na banda kabisa. Hivi korongo wetu wamehamia wapi?"

Dorika aliyatazama matope yaliyokauka miguuni mwake.

"Sijui, Mwenyekiti."

Jumamosi ya wiki hiyo alikwenda kuungama. Alitaja hasira, akataja matusi aliyomtukana mwenyekiti moyoni, moja baada ya jingine. Padri alimuuliza kama kuna jingine. Alifikiri kidogo, akasema hakuna.