Mashine Ilisema Tisa

Hospitalini kote walimwita Shangazi, kuanzia daktari mkuu hadi mlinzi wa getini, na sidhani kama kulikuwa na wawili waliolijua jina lake la kwenye kitambulisho. Aliajiriwa kufagia. Kazi ya tangi ilimwangukia tu, baada ya fundi aliyelijenga kuhama na kukosekana mwingine aliyekuwa radhi kutia mikono kwenye maji ya chumvi kila asubuhi.

Tangi lilikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri wa wodi ya watoto: kioo kirefu kama kitanda, taa za buluu juu yake, na ndani samaki wachache na matumbawe hai. Wazazi wengi walidhani matumbawe ni mawe ya mapambo, na Shangazi hakuwa na subira na hilo. "Hawa ni wanyama," aliwaambia. "Wanakula, wanakua, na wakiudhiwa wananuna kama mimi." Kubwa kuliko yote lilikuwa tumbawe la zambarau lenye matawi kama pembe. Alilipokea likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Miaka kumi na moja baadaye lilikuwa pana kuliko sinia.

Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kitu kilichoyeyuka majini, ambacho wenye kazi hiyo hukiita ualkali. Kikipungua sana, halina cha kujengea, na nyama yake huanza kuachana na mfupa. Kwa hiyo kila siku Shangazi alitia magadi soda yaliyoyeyushwa, na kila siku alipima. Alitaka kipimo kisishuke chini ya saba wala kisipande juu ya tisa.

Miaka yote alipima kwa matone. Unachota maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha dawa tone moja moja huku ukitikisa, maji yanakuwa buluu, na tone linaloyageuza kuwa ya manjano ndilo jibu. Matone manane, kipimo nane. Ni kazi ya jicho na mkono uliotulia.

Mwaka wa kumi na moja jicho likaanza kumchezea. Buluu ilionekana kama imetiwa vumbi, na manjano hakujua yameanzia wapi. Daktari wa macho wa ghorofa ya pili alimwangalia kwa tochi akasema, "Mtoto wa jicho, Shangazi. Macho yote mawili. Rangi ndizo zitakazokusumbua kwanza."

Jioni alimweleza mumewe, mshonaji aliyestaafu. Mumewe akacheka kidogo, kwa huruma. "Karibu chamani, mama. Mimi miaka miwili ya mwisho nilikuwa natunga uzi kwa dua."

Yeye hakucheka. Asubuhi alikwenda kwa meneja na kumweleza ukweli, kwamba haamini tena anachokiona. Meneja hakuwa mtu mbaya. Baada ya majuma mawili alimletea kimashine cha kushika mkononi. Unaweka kichupa ndani, unatia dawa mililita moja kamili kwa bomba la sindano, unabonyeza, taa inapita kwenye maji, na namba inatokea.

"Mashine haina mtoto wa jicho," meneja alisema, na wote wawili wakafurahi.

Mwanzoni Shangazi alipima kwa njia zote mbili na kuandika kwenye daftari. Mwezi wa kwanza zilikwenda pamoja, nane na nane. Mwezi wa pili zikaanza kuachana. Matone yakasema saba, mashine nane na nusu. Halafu matone sita, mashine tisa. Siku hiyo aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akarudia mara tatu kila njia. Matone yalimpa sita, saba, sita. Mashine ilimpa tisa, tisa, na tisa tena.

Hapo ndipo alipoamua. Matone yalikuwa yanababaika, na anayeyasoma alikuwa mwanamke mwenye macho mabovu. Mashine ilisema neno moja mara tatu bila kupepesa. Kama ni tisa, basi ualkali ulikuwa umefika ukingoni. Akapunguza magadi robo. Juma lililofuata akapunguza tena. Kichupa cha matone alikifungia kabatini, maana kilikuwa kinamtia wasiwasi bure.

Mashine ikashuka polepole hadi saba na kitu. Saba ni pazuri. Lakini ncha za tumbawe la zambarau zilikuwa zimegeuka nyeupe, na asubuhi moja akaona nyama ikibanduka chini ya matawi, kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Alijaza chupa mbili maji ya tangi, akachukua mashine, bomba lake na ile dawa ya matone, akaenda shule ya sekondari ya jirani kumwona mwalimu wa kemia, ambaye mwanawe aliwahi kulazwa wodini miezi mitatu na kulijua kila tumbawe.

Mwalimu hakuuliza mengi. Alifunga bureti, ule mrija wa kioo wenye alama, kwenye kishikizo chake, akatia asidi aliyoipima mwenyewe, akazamisha kwenye maji kijiti cha kupimia ukali wa tindikali, kisha akaachia asidi kidogo kidogo akitazama namba kwenye kioo cha kipimo hicho, si rangi. Alifanya mara mbili. Akaandika kwenye karatasi na kuisogeza mbele ya Shangazi.

Nne nukta nane.

"Haiwezekani," Shangazi alisema. "Mashine imeniambia saba asubuhi hii."

Mwalimu akachukua dawa ya matone, akadondosha mwenyewe, akihesabu kwa sauti. La tano likageuza maji. Kisha akachanganya maji aliyojua kwa hakika ni nane, akampa. "Pima kwa mashine. Fanya kama unavyofanya kila siku."

Shangazi akavuta dawa kwa bomba, akaitia, akabonyeza. Kumi na mbili.

Mwalimu akamwomba avute dawa tena, akaliinua bomba dirishani. Juu ya dawa kulikuwa na hewa, theluthi nzima ya bomba. Mpira wa ndani ulikuwa umekakamaa na kupasuka pembeni. Dawa ikiingia pungufu, mashine hudhani ualkali ni mwingi. Shangazi alisogeza uso karibu, akakunja macho. Ile hewa hakuiona hata baada ya kuonyeshwa.

"Huu mpira umefanywaje?" mwalimu aliuliza.

"Bomba naliosha kwa maji ya moto." Sauti yake ilishuka. "Kila siku. Liwe safi."

Mwalimu aliweka bomba mezani. "Shangazi, kurudia jibu lilelile si ukweli. Mtu anaweza kukuambia uongo mmoja mara mia bila kukosea neno. Matone yanayumba, lakini yalikuwa yanayumba karibu na kweli. Siku ile mashine iliposema tisa, wewe ulihesabu ngapi?"

"Sita."

"Basi uliona sawasawa."

Nafikiri mwalimu alitaka kumfariji. Shangazi alikusanya vitu vyake akasahau kuaga.

Ualkali haupandishwi kwa pupa, kwa hiyo alitia magadi kidogo kidogo, akimwomba muuguzi wa zamu amsomee rangi ya matone. Siku ya kwanza tano, ya pili tano tena. Siku ya nne maji yalifika sita, na tumbawe la zambarau halikuwa na nyama iliyobaki mahali popote. Mengine yalifuata, moja baada ya jingine, hata baada ya kipimo kufika nane na kutulia hapo. Maji yalikuwa mazuri kabisa. Hapakuwa na tumbawe la kuyatumia.

Meneja hakumgombeza. Angemgombeza, labda Shangazi angekuwa na la kujibu. Alisema tu, "Ndiyo maisha, Shangazi. Tutaweka televisheni." Samaki wakachukuliwa na muuza samaki wa mapambo. Mifupa Shangazi aliitoa mwenyewe kwa nyundo, kwa kuwa la zambarau lilikuwa limeshikana na mwamba na halikupita mlangoni likiwa zima.

Mumewe alijaribu kumtoa katika hali hiyo. "Wewe hukuwa na kosa. Ni kale kabomba."

"Niliona sawasawa," alimjibu, "nikajikatalia." Akageukia ukuta. Jibu lilikuwa hilo hilo kesho yake na kesho kutwa, mpaka mumewe akaacha kuzungumzia jambo hilo.

Televisheni ilipofungwa ukumbini, Shangazi aliomba ahamishiwe chumba cha kufulia, jengo la nyuma, ambako kazi ni kukunja mashuka meupe. Msimamizi alimuuliza sababu, akasema ni miguu. Yuko huko hadi sasa. Daktari wa macho amempangia tarehe ya upasuaji mara mbili, na mara zote mbili hakutokea.