Msitu wa Mti Mmoja

Josipi Nutaraq amepita sitini, mimi sijafika arobaini, na ni mwanangu. Kwetu, huku kaskazini kwenye barafu, ukirithi jina unarithi na undugu wake. Mimi nilipewa jina la marehemu mama yake, kwa hiyo ananiita mama, na nikimkemea hana budi kusikiliza. Kutii ni jambo jingine.

Balaa lilianza mkewe, Siasi, aliporudi kutoka hospitali ya kusini. Kule nje ya dirisha lake palikuwa na mti, na tangu arudi hana hadithi nyingine. Mwishowe akatamka: "Baridi ikianza nahamia kwa Maata. Hapa nikifumbua macho naona mbingu tupu."

Maata ni binti yao, anaishi huko huko kusini. Josipi, ambaye hata chai huiunguza, akaapa kumpandia mkewe mti.

Mche wa msonobari ukaja kwa ndege, umeviringishwa blanketi kama kichanga. Halmashauri ya kijiji, ambayo kuzoa taka kumeishinda, ilikutana siku hiyo hiyo, ikatangaza hifadhi ya msitu na kusimika kibao: USIKATE MITI. Kibao kiliupita msitu kwa urefu. Mbwa wetu hawakuwahi kuona mti maishani mwao, lakini walijua papo hapo ni wa kazi gani.

"Mwanangu," nikamwambia, "kina cha udongo wetu hakifiki hata kiwiko, chini ni barafu tangu enzi na enzi. Mizizi itashika wapi?"

"Barafu si inaogopa moto, mama?"

"Na nyumba yako imesimama juu ya nini?"

"Wewe ulikufa zamani, mama. Mambo ya kisasa huyajui."

Akatoboa sakafu, akashusha bomba la hewa moto kutoka kwenye jiko la kupashia nyumba joto mpaka kwenye shina la msonobari alioupanda chini ya dirisha la Siasi. Hapa kwetu kila mtu anajua kwa nini nyumba zinasimama juu ya nguzo: joto lisiiguse ardhi. Upepo ukaja na chembe za barafu, ukaunyoa msonobari upande mmoja, kisha ukaumaliza. Barafu ya chini, hiyo ndiyo iliyofaidi bomba: ikayeyuka. Asubuhi moja nguzo mbili zikazama topeni, nyumba ikainama upande wa kitanda cha Siasi, na birika likateleza mpaka ukutani.

Nilipofika, Josipi alikuwa ameshika kichwa. Siasi alikuwa kitandani, ametulia, uso dirishani. Dirisha lililozoea mbingu sasa lilitazama chini, kwenye mierebi yetu, ile miti midogo inayotambaa ardhini kwa kuogopa upepo, isiyofika kifundo cha mguu, tunayoikanyaga na kuwashia moto wa chai. Bonde zima lilikuwa limegeuka manjano na jekundu.

"Nimeukanyaga msitu maisha yangu yote," akasema, "halafu nikaenda kulilia mti wa watu."

"Ule mwerebi wa karibu na ngazi ulikuwepo nilipomzaa huyu mumeo," nikamwambia.

Akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Nikaona macho ya Josipi yamelowa.

"Nisamehe, mke wangu. Leo hii naleta jeki, naiinua nyumba."

"Thubutu. Ukiinyoosha hata kidogo, kesho niko kwa Maata."

Josipi akanigeukia mimi. Nikamwambia aache jeki, akae, anywe chai, na asijaze kikombe maana itamwagika. Safari hiyo alitii.