Kibendera Juu ya Kitanda cha Mtoto

Tangu aondoke kwao Rutshuru, Emérance hakuwa ameona lenga-lenga, ule mchicha wa kwao, nzuri namna ile. Iliota yenyewe ukingoni mwa shamba la kabichi, nyuma ya nyumba za kupanga walikowekwa yeye na wanawe huko Anoka, Marekani, mabua manene, majani mapana kama kiganja, na hakuna aliyeichuma. Wazungu walipita na mbwa wao wakaitazama kama takataka.

"Hawa watu macho yao ni ya nini?" alijiuliza, akakaza kitenge kiunoni na kujaza mfuko.

Yote hayo aliyafanya kwa ajili ya Gentille, mke wa mwanawe Anicet. Gentille alikuwa amepoteza mimba mbili katika kambi ya wakimbizi Uganda. Kiangazi kile cha mwaka 2016 ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba, lakini chakula cha Marekani kilimgomea kabisa. Harufu tu ya kuku wa dukani ilimkimbiza chooni. Kilichokubali kutulia tumboni kilikuwa bugali na lenga-lenga iliyoungwa kwa mafuta ya mawese. Emérance, mjane aliyelea watoto wake kwa jembe, alifurahi mno. Hatimaye, katika nchi ambayo hata kufungua bomba alifundishwa, kulikuwa na kitu alichokijua kuliko wengine, na tusifiche, alijivuna kidogo.

Kilichomsumbua ni kimya cha shamba lile. Hapakuwa na panzi, wala nyuki, wala hata kipepeo aliyepotea njia. Kabichi zilijipanga mistari kwa mistari hadi macho yanapoishia, na hakuna iliyokuwa na tundu. Kwao viwavi walikula mboga zao, watu wakala zao, na maisha yakaendelea. Hapa alisikia pumzi yake mwenyewe tu. Akajiambia labda wadudu wa huku wanaogopa baridi, ingawa ilikuwa Julai na jasho lilimtiririka mgongoni.

Halafu kulikuwa na vibendera. Vilikuwa vidogo, vya njano, vimechomekwa ukingoni kwa vijiti vya waya. Jua lilikuwa limevipausha, lakini picha ilionekana: mama amemshika mtoto mkono, na duara limewazunguka. Emérance hakujua kusoma Kiingereza. Sikukuu ya uhuru wa Wamarekani ilikuwa imepita juzi tu, vibendera vimejaa kila uwanja, naye akaamua kwamba hivi ni vya kuwasherehekea akina mama. Aling'oa kimoja akaenda nacho nyumbani. Gentille akakitundika juu ya kitanda cha mtoto, kile walichopewa na kanisa.

"Iko kama baraka, Mama," alisema.

"Ni baraka kabisa, mwana wangu."

Asubuhi moja Emérance alikuwa ameshajaza nusu ya mfuko alipoona ukungu umelala juu ya kabichi. Ndani ya ukungu kulikuwa na mtu mweupe. Si Mzungu, mweupe wa kutoka utosini hadi miguuni, hana uso, anatembea polepole katikati ya mistari huku kitu kikizomea mkononi mwake. Emérance alilitaja jina la Yesu. Yule mtu akasimama. Akamwona, akainua mkono, akaanza kumkimbilia, na miguu ya Emérance ikakataa kwenda popote.

Alipomfikia alivua kinyago, kumbe ni mwanamume wa makamo, uso mwekundu, bomba la kupulizia dawa mkononi, ameshikwa na woga kumpita yeye. Alipiga kelele, akauelekezea kidole mfuko wa Emérance. Emérance aliukumbatia. Ndipo yule bwana akachomoa kibendera kutoka kwenye furushi kiunoni, kipya, akakichomeka mbele ya viatu vyake. Mama alikuwepo, na mtoto, na duara. Lakini kwenye hiki kulikuwa na mstari mnene mwekundu uliowakata wote wawili. Kwenye vile vya zamani jua lilikuwa limeufuta.

Emérance akageuka kuitazama lenga-lenga aliyoiacha juzi. Mabua yalikuwa yamejinyonga, vichwa vimeangalia chini, majani yamejikunja kwa ndani kama vidole vya mtu anayeumwa. Hakuna aliyeyagusa. Yalikuwa yamejipinda yenyewe. Alimwaga mfuko wote palepale, akakimbia.

Gentille alikuwa mezani, anapangusa mafuta ya mwisho kwenye sahani kwa tonge la bugali.

"Nimeisha kumaliza ya jana, Mama," alisema akicheka. "Mutoto eko anacheza leo! Anajipinda, anajipinda, hatulii."

Emérance aliketi sakafuni. Alimweleza yote, bila kuficha: shamba, mtu mweupe, mstari mwekundu. Gentille aliisukuma sahani kando. Aliinuka, akakitundua kibendera, akakiinua dirishani. Mwanga ulipopita, mstari ulionekana, hafifu, wa waridi, umepita juu ya mama na mtoto wake. Ulikuwa pale siku zote.

Kliniki, nesi Makena, Mkenya, alimwekea Gentille mashine tumboni, na mapigo yakajaa chumba. Emérance alilia kwa sauti.

"Moyo uko sawa, Mum. Baby ana-kick tu," Makena alisema. Kisha akaizima mashine. "Lakini hiyo dawa, siwezi kuwaambia haikuingia. Tutam-monitor. Kwa sasa wachaneni na hizo za shamba. Mnunue mboga kwa duka, mzioshe vizuri."

Walipitia dukani. Kabichi zilikuwa zimerundikwa chini ya taa, mbichi, zinang'aa, zimenyunyiziwa maji. Huenda zilitoka shamba lilelile. Emérance alichukua moja, akaigeuza, akafunua jani baada ya jani. Akaiweka, akachukua nyingine. Kisha nyingine. Watu walianza kumpisha.

"Mama, uko unatafuta nini?" Gentille aliuliza.

"Mdudu," alisema Emérance. "Hata mmoja tu."

Gentille aliweka kikapu chini, akashika tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaanza kutafuta naye.