Jeneza la Shangazi Yulian

Kijijini kwetu mtu mzima hujiandalia jeneza angali hai, na hakuna anayeona vibaya. La Shangazi Hou Yulian lilikuwa la mwerezi. Mumewe, fundi seremala, alilitengeneza mwaka wake wa mwisho huku akikohoa damu. Yeye mwenyewe tulimzika katika mbao hafifu, maana mwerezi ulitosha jeneza moja tu. Kila vuli shangazi alilipaka vanishi, akizungumza na marehemu: "Baba Baotian, rangi imeshika." Alichotaka ni kulala ndani ya kazi ya mikono ile, basi.

Ndipo akaja mwongozaji wa filamu, yule aliyesifiwa nchi nzima. Alitaka jeneza la kweli kwa mazishi ya kuigiza. Mimi nilikuwa karani wa kijiji, kichwa kikanivimba, nikamwendea shangazi.

"Wanalipiga picha tu, Shangazi."

"Litashuka kaburini?"

"Kidogo. Linapandishwa siku hiyo hiyo."

"We mtoto, akili umeziacha wapi? Likishuka tupu, linarudi na njaa."

"Dunia nzima itaiona kazi ya mumeo."

Akapitisha kiganja juu ya kifuniko. Nilijua nimempata, na mpaka leo naona haya.

Likashuka, likapandishwa. Waigizaji walipoondoka, mwanawe Baotian alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Mkewe alikuwa mjamzito, na jeneza lililoonja udongo bila maiti halirudi kwenye nyumba yenye watu.

"Lipeleke kwako, karani," akaniambia. "Wageni si wako?"

Sikulipeleka. Nami nina watoto. Likaachwa kando ya njia ya makaburini, na shangazi akawa anakwenda kulifunika nailoni kila mawingu yakitanda.

Mwaka uliofuata filamu ikaletwa ukumbini. Magazeti yalishasema safari hii bwana mkubwa kateleza, lakini magazeti yalituhusu nini? Shangazi alikaa mstari wa mbele, kavaa koti alilolivaa kwenye harusi ya Baotian. Filamu ikaisha, taa zikawashwa. Mazishi hayakuonekana hata kidogo, waliyakata.

"Kuna kipande kingine?" akaniuliza.

"Imekwisha, Shangazi."

"Sasa walilishusha la nini?"

Mwongozaji yule ametengeneza filamu nyingine tatu tangu hapo, nzuri zote, wanasema. Sijazitazama.

Alipougua alimsihi Baotian amlaze kwenye mwerezi wake. Baotian alilia, lakini akakataa: jeneza lenye njaa likipewa mmoja wa nyumba, humtaka na wa pili. Akanunua la dukani, jepesi, linang'aa.

Siku ya kumzika nilishika mti wa mbele wa kubebea jeneza. Tulipolikaribia lile la mwerezi kando ya njia, wabebaji wote tuliongeza mwendo. Wa kwanza kuongeza nilikuwa mimi.